Kamera Imesimama Upande Gani wa Moto?

Kwa nusu karne, mlima wa Kinyinya, hapa Kigali, ulikuwa mdomo wa redio. Kuanzia 1965 hadi 2015 Deutsche Welle ilikuwa na kituo hapa cha kurushia matangazo ya masafa mafupi, na habari za vita duniani, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, ziliruka kutoka juu ya mlima huu zikaingia majumbani mwa watu mbali na Rwanda. Sasa kituo kimefungwa. Mtaa wa Vision City umejaa nyumba kule Gacuriro, mlima wenyewe unapangiwa mji wa kijani, na vijana wa Kagugu hawasubiri tena mtangazaji awaeleze vita. Wanaviona kwenye filamu za agasobanuye, zile ambazo msimuliaji anazimimina upya kwa Kinyarwanda juu ya sauti ya asili, na wanavipigana wenyewe kwenye gemu.

Humo ndimo walimoukuta mtambo wa kurusha moto: mitungi mgongoni, bomba mkononi, ulimi wa moto mbele. Ni wachache mno kati yetu waliowahi kuuona kwa macho, lakini kila anayetazama filamu za vita analijua umbo lake na mlio wake. Nadhani jambo hili linastahili kujadiliwa kwa uzito, na katika nchi hii kuliko nchi nyingi. Nimeuandika mjadala kwa sauti nne. Sikuzipa majina kwa sababu kila moja imebeba maneno ya watu wengi: kijana anayecheza gemu, msimuliaji wa filamu, mwalimu wa historia, na muuguzi ambaye ni mama wa watoto. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Niacheni nianze mimi, maana mmeshaniweka kizimbani. Gemu tunayoizungumzia ni Call of Duty: World at War, ya mwaka 2008. Ndani yake wewe ni askari wa Marekani unayepigana na Wajapani katika visiwa vya Pasifiki. Unapewa mtambo wa moto, unachoma nyasi walikojificha maadui, unawachoma walenga shabaha waliopanda minazi, unasafisha mahandaki. Naam, inafurahisha. Lakini jina la Peleliu nimelijulia humo, na Okinawa pia. Shuleni hakuna aliyenitajia.

MWALIMU: Hilo nakupa, mwanangu, na ni aibu yetu walimu. Lakini hebu niambie, mtambo wako kwenye gemu unaishiwa mafuta baada ya muda gani?

KIJANA: Hauishiwi. Unapata joto tu, unaupumzisha, unaendelea.

MWALIMU: Basi sikiliza. Mtambo wa Marekani ulioitwa M2-2 ulikuwa na uzito wa kilo 31 hivi ukishajazwa. Mitungi miwili ilibeba mafuta, kama lita 18, na wa tatu ulibeba hewa ya naitrojeni iliyobanwa ili kuyasukuma. Ukishika kitufe bila kuachia, mafuta yote yanakwisha kwa sekunde zisizofika kumi. Moto wenyewe unafika mita 20, pengine 40. Maana yake ni kwamba mbebaji alipaswa kutambaa na mzigo wa gunia dogo la saruji hadi karibu kabisa na mtu mwenye bunduki ya rashasha, akiwa na sekunde chache za moto. Gemu imekupa moto usiokwisha. Imekuondolea uzito, imekuondolea na woga.

MSIMULIAJI: Filamu nazo zina yake. Huwa tunaona risasi inagonga mtungi, kisha askari mzima analipuka. Steven Spielberg ameonyesha hivyo katika Saving Private Ryan, 1998, ufukweni Normandy. Lakini naitrojeni haiwaki. Risasi ikitoboa mtungi, kwa kawaida kinachotokea ni mafuta kuvuja na mtambo kufa. Mlipuko ule mkubwa ni wa watengeneza filamu. Na moto wenyewe mara nyingi si ule wa vitani. Kwenye kuigiza hutumika gesi, ambayo inatoa wingu kubwa la rangi ya chungwa na kutoweka papo hapo. Vitani yalitumika mafuta ya petroli yaliyokorezwa yakawa mazito kama uji, yakitoka kwa mstari mwembamba, mrefu, na yanaponasa hayabanduki.

MUUGUZI: Hapo ndipo ninapotaka mnipishe. Mnazungumza mita na sekunde. Mimi nimeosha vidonda vya moto. Mafuta mazito yanaendelea kuunguza mahali yaliponasa, na mtu akijaribu kuyapangusa kwa mkono, mkono nao unashika. Tena wengi waliokuwa ndani ya mahandaki hawakuguswa na ulimi wa moto hata kidogo. Moto unakula hewa ya chumba, unajaza moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi, na joto linaunguza njia ya pumzi. Mtu anakufa akiwa nyuma kabisa, penye giza, bila jeraha la kuonekana. Kijana wangu, kwenye gemu yako, adui akiungua anapiga kelele kwa muda gani?

KIJANA: Kidogo. Sekunde mbili, tatu. Halafu anaanguka.

MUUGUZI: Mgonjwa wa moto hafi kwa sekunde tatu. Anaongea. Anaomba maji. Anakutambua. Siku ya pili anaweza kukuambia jina la mtoto wake, na wewe unajua kwamba ngozi iliyopotea ni nyingi mno. Hicho ndicho kinachokatwa kwenye kioo, na kinakatwa kila mara.

Hapa nasimama na Muuguzi, na nataka nieleze kwa nini. Udhaifu mkubwa wa picha hizi hauko kwenye kuonyesha moto. Uko mahali kamera inaposimama. Karibu kila mara imewekwa nyuma ya mitungi, begani kwa mwenye bomba, na mtazamaji anaazimwa mikono ya mchomaji. Kutoka hapo moto ni mwanga tu. Anayeungua yuko ng'ambo ya mwanga huo, na hatujawahi kupelekwa huko tukakaa.

MWALIMU: Tukumbuke pia mtambo huu ulitoka wapi. Mjerumani Richard Fiedler aliwasilisha kifaa chake kwa jeshi la nchi yake mnamo 1901. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwama kwenye mahandaki, ukaonekana una kazi. Wafaransa waliupata karibu na Verdun Februari 1915, Waingereza wakaupata Hooge, Ubelgiji, alfajiri ya tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Na kamanda wa vikosi hivyo vya moto, Bernhard Reddemann, alikuwa mtu wa zimamoto. Maarifa ya kuokoa watu na moto ndiyo yaliyogeuzwa.

MSIMULIAJI: Lakini Mwalimu, tusimfanye kila mbebaji kuwa shetani. Ninapomsimulia askari wa namna hiyo, namwona mtu. Chukua Hershel Williams, kijana wa West Virginia, mfupi wa kimo. Tarehe 23 Februari 1945 kule Iwo Jima alifanya kazi hiyo kwa saa nne mbele ya ngome za saruji, akirudi nyuma kuchukua mtambo mwingine kila uliopo ulipokwisha. Alipewa askari wachache wa kumlinda, na wawili kati yao waliuawa. Marekani ilimpa nishani yake ya juu kabisa, naye hadi alipofariki mwaka 2022 alikuwa akisema nishani ile ni ya hao waliokufa kwa ajili yake. Mtu huyo hakuwa mcheza ngoma wa moto. Ukimwondoa kwenye filamu umesema uongo pia.

MUUGUZI: Sijasema aondolewe. Nimesema wa upande wa pili naye awekwe.

KIJANA: Mama, huko kwenye filamu mara nyingi wa upande wa pili si mtu. Aliens ya 1986, yule mwanamke Ripley anachoma mayai ya mazimwi. The Thing ya 1982, wanachoma kiumbe kinachojigeuza sura za watu. Nani atamlilia zimwi?

MWALIMU: Na ndiyo maana mazimwi yanafaa sana. Ukitaka mtazamaji afurahie moto bila kuumwa na dhamiri, mpe kitu kisicho na mama. Hatari inakuja pale mazoea hayo yanaporudishwa kwa binadamu. Quentin Tarantino, katika Once Upon a Time in Hollywood ya 2019, anampa mwigizaji mkongwe mtambo wa moto alioutunza kutoka kwenye filamu yake ya zamani, naye anamchoma msichana akiwa ndani ya bwawa la kuogelea. Msichana alikuja kuua, hilo kweli. Lakini ukumbi unacheka.

MSIMULIAJI: Na mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni ya Elon Musk, The Boring Company, iliuza tochi za gesi 20,000 zenye umbo la silaha hii, dola 500 kila moja. Ziliisha kwa siku chache. Watu walinunua walichokiona sinema.

KIJANA: Sawa. Sasa niwape yangu ambayo hamuijui. Far Cry 2, nayo ya 2008. Inatokea Afrika, kwenye nchi isiyotajwa jina, yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wewe ni mamluki uliyetumwa kumuua mfanyabiashara wa silaha. Una malaria, kila baada ya muda unatafuta dawa. Mtambo wa moto upo, wa Kirusi, na moto wa gemu hiyo ulisifiwa dunia nzima: ukiwasha nyasi kavu, upepo unaupeleka, unaruka kutoka kichaka hadi kichaka, unaweza kukugeukia mwenyewe.

MWALIMU: Na wenyeji?

KIJANA: Wenyeji wapi?

MWALIMU: Wa hiyo nchi. Wenye hizo nyasi.

KIJANA: Karibu hawaonekani. Kuna wachache wamejificha ndani ya nyumba, unawapelekea karatasi za kusafiria nao wanakupa dawa za malaria. Barabarani ni watu wenye bunduki tu. Sikuwahi kuliwaza hilo.

MWALIMU: Waliotengeneza walihesabu mwelekeo wa upepo, ukavu wa majani, na mwendo wa cheche. Mama anayetoka kuteka maji hakupewa nafasi. Kwenye savana inayoungua yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukimbia, na mbuzi wake, na ghala lake la mtama. Tumepewa Afrika iliyo tayari kuchomwa, isiyo na mtu wa kuuliza nani kachoma.

Kijana hakuileta gemu hiyo kwa kujikosoa. Aliileta kwa kuipenda. Nami namheshimu kwa kuona mwenyewe kilichokosekana. Mwalimu, kwa upande wake, alitaka kwenda mbali zaidi, na hapo nilihisi anateleza.

MWALIMU: Katika nchi hii hatuwezi kusema chombo cha burudani ni burudani tu. Redio ya RTLM ilianza 1993 kwa muziki mzuri na utani. Vijana waliipenda kwa sababu ilichangamka. Mwaka uliofuata ilikuwa inataja majina ya watu na mahali walipojificha ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu wa vyombo vya habari, na watu walioizoea sauti ile walikuwa wameshafanya ilichowaambia.

KIJANA: Mwalimu, kwa heshima zote, hapo nakataa. RTLM ilimwambia jirani amuue jirani, kwa jina, kwa barabara. Gemu haijaniambia nimguse mtu. Ukiweka vitu hivyo viwili kwenye mzani mmoja unapunguza uzito wa kile cha kwanza. Watutsi waliouawa 1994 hawakuuawa na gemu.

MWALIMU: Umesema kweli. Naondoa mfano. Nabaki na hili tu: mzaha na mdundo vinaweza kumzoesha mtu kumwangalia mwenzake bila kumwona. Kutoka hapo hadi kuua ni mbali, na si kila mtu anakwenda. Lakini mwanzo wa njia naujua ulivyo.

MUUGUZI: Mimi moto wa Rwanda siuhitaji kutoka Pasifiki. Novemba 1959 nyumba za Watutsi zilichomwa kilima baada ya kilima, kwa kiberiti na nyasi za paa. Na Aprili 1994 pale Sovu, karibu na Butare, watu waliokimbilia kituo cha afya cha watawa walichomwa ndani ya gereji kwa petroli. Mahakama ya Brussels iliwatia hatiani watawa wawili mwaka 2001. Hakukuwa na mtambo wala mitungi. Kulikuwa na dumu. Basi mtoto wangu anapokaa mbele ya runinga akashangilia moto unaoingia kwenye mlango wa saruji, mimi nasikia mlango mwingine. Siwezi kumlaumu, hakuwepo. Lakini nani atamwambia kwamba ndani kuna watu?

Kwa muda mrefu hakuna aliyelijibu swali hilo. Mwalimu alipolirudia, alilipitishia Ethiopia, na hapo ndipo nilipoona mjadala umepata nanga.

MWALIMU: Afrika Mashariki ina mtambo wake wa moto wa kihistoria, na sijasikia gemu iliyoutengeneza. Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Miongoni mwa zana zake kulikuwa na vifaru vidogo vya L3, vya watu wawili, na vingine vilifungwa mtambo wa moto badala ya bunduki, vikivuta tela lenye lita 500 za mafuta. Vililetwa kupambana na jeshi ambalo sehemu yake ilikuwa na mikuki. Juu ya hayo Waitalia wakatumia gesi ya haradali. Na vita havikuisha Addis Ababa ilipoanguka 1936. Aprili 1939 wafuasi wa kiongozi wa upinzani Abebe Aregai, wapiganaji pamoja na wanawake, watoto na majeruhi, walizingirwa kwenye pango la Zeret kaskazini ya Shoa na kupigwa kwa gesi. Waliotoka wakijisalimisha, wanaume walipigwa risasi kwa mamia. Mwanahistoria wa Italia mwenyewe, Matteo Dominioni, ndiye aliyechimbua nyaraka za jeshi na kulifikia pango, na mifupa ilikuwa bado humo.

KIJANA: Na hakuna filamu?

MWALIMU: Ya Zeret, hapana niliyoiona. Ila angalia kilichotokea kwa filamu ya Libya. Mwaka 1981 Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria, alitoa Lion of the Desert, hadithi ya Omar Mukhtar na Walibya waliopambana na jeshi hilohilo la Italia. Kamera ilikuwa upande wa waliovamiwa. Italia ilizuia filamu isionyeshwe kwa madai kwamba inavunja heshima ya jeshi lake. Runinga ya nchi hiyo iliionyesha 2009. Karibu miaka thelathini! Filamu nyingi za vita zimemwaga moto na damu kuliko ile, hazikuguswa. Kilichowauma ni mahali kamera iliposimama.

MSIMULIAJI: Nimeelewa. Na ninaongeza: babu zetu wa kikosi cha King's African Rifles walikwenda Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria, ikiwasukuma Wajapani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mstari wa mbele. Nitajieni filamu kubwa moja iliyowaonyesha. Kwa hiyo si moto tu. Sisi hata tukiwa wenye bunduki hatumo kwenye picha.

MUUGUZI: Sheria inasemaje juu ya silaha hii? Imepigwa marufuku?

MWALIMU: Nusunusu. Marekani iliiacha mwaka 1978 kwa uamuzi wake yenyewe. Mwaka 1980 mataifa yalikubaliana Itifaki ya Tatu ya mkataba wa silaha fulani za kawaida, ikaanza kutumika Desemba 1983. Mtambo wa kurusha moto umetajwa humo kwa jina. Ni haramu kuwalenga raia kwa silaha za moto, na hata misitu imelindwa isipokuwa pale askari wanapojifichia. Lakini askari kumchoma askari hakukukatazwa. Yule aliye ndani ya handaki hana kifungu chake.

MUUGUZI: Basi kama sheria imemwacha, na kamera imemwacha, amebaki msimuliaji.

MSIMULIAJI: Mimi?

MUUGUZI: Wewe na wenzako. Lufufu alifanya kazi hiyo Dar es Salaam, DJ Afro yuko Nairobi, VJ Jingo Kampala, na hapa Kigali tulikuwa na Yanga, aliyefariki 2022. Watu hawakuwapenda kwa sababu ya tafsiri sahihi. Waliwapenda kwa sababu waliingia ndani ya filamu ya Mzungu wakaipa roho ya kwetu. Mnampa mwigizaji jina jipya, mnamgombeza, mnamwonea huruma. Picha huwezi kuibadili, lakini sauti ni yako. Moto unapoingia mlangoni, kwa nini sauti yako inabaki nje na wachomaji?

MSIMULIAJI: Kwa sababu mteja amelipia kushangilia, Mama. Nikianza kuomboleza katikati ya pambano atabadilisha. Nina dakika chache za kumshika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, sikufichi.

KIJANA: Halafu utakuwa unatunga. Utajuaje aliye ndani ni nani?

MWALIMU: Hahitaji kutunga. Mwaka 2006 Clint Eastwood alitengeneza filamu mbili za kisiwa kimoja, Iwo Jima. Flags of Our Fathers ni ya Wamarekani. Letters from Iwo Jima ni ya Wajapani, kwa Kijapani karibu mwanzo hadi mwisho, na imetokana na barua za jenerali Kuribayashi kwa familia yake. Wale waliokuwa ndani ya mahandaki wana majina humo, wana wake, mmoja wao alikuwa mwokaji mikate. Ulicheza visiwa vingine vya vita hivyohivyo, kijana. Ukiitazama hiyo, yule anayeanguka kwa sekunde tatu atakuwa na mkate aliouacha nyumbani.

KIJANA: Imesimuliwa kwa Kinyarwanda?

MSIMULIAJI: Mimi sijaigusa. Watu wa mtaani hawaiulizi. Ni ndefu, ina maongezi mengi, na unajua tangu mwanzo kwamba watakufa.

KIJANA: Isimulie. Usiikate sehemu za maongezi. Mimi nitakuletea watu wa gemu kumi, na tukichoka tutakwambia. Lakini msinitake niache kucheza, sitaacha.

MUUGUZI: Cheza. Nimeshakubali kwamba wewe ni mtu mzima na unajua kutenganisha. Ninachobishania ni mdogo wako wa miaka tisa anayekaa nyuma ya kiti chako akitazama kila kitu, na bado hujanijibu.

KIJANA: Yeye hachezi, Mama. Anaangalia tu.

MUUGUZI: Ndiyo hilo ninalokuuliza.